Jogoo aliyefumba macho

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, wiki hii nawaletea jogoo, msicheke kwanza.

Kuna mshairi wa zamani wa Uingereza, Geoffrey Chaucer, alifariki 1400, aliwahi kuwa mtu wa forodha London upande wa ushuru wa sufu, akaandika habari za mahujaji wanaoenda Canterbury kwenye kaburi la askofu mkuu Thomas Becket aliyeuawa kanisani, njiani wanasimuliana hadithi, na hii ya jogoo anaitoa padri aliyefuatana na masista.

Jogoo anaitwa Chauntecleer, ni wa mama mmoja mjane maskini, ana wake 7 na kwa kuwika hana mpinzani. Usiku akaota mnyama mwekundu-mwekundu anataka kumkamata. Kumwambia mkewe Pertelote, mama akamshushua, yaani mwanaume mzima unaogopa ndoto, hilo ni tumbo tu baba, kunywa dawa ya kuharisha! Basi jogoo akaanza mahubiri marefuuu, kamtaja Danieli, kamtaja Yusufu, kathibitisha kabisa kwamba ndoto ni onyo, halafu akamtazama mkewe alivyo mzuri, akashuka zake uani kudonoa nafaka, onyo lote limeishia hapo. (Na mimi ni mahubiri mangapi nimeyasema vizuri halafu nikashuka uani.)

Mbweha naye hakuja na meno, alikuja na sifa. Usiogope ndugu, nimefuata sauti yako tu, baba yako alikuwa akiimba anafumba macho, anasimama kwa ncha za vidole, ananyoosha shingo, tena yeye na mama yako waliwahi kufika kwangu nikafurahi sana. Mnaelewa walifikaje. Jogoo akanyoosha shingo, akafumba macho, kakamatwa koo.

Mithali 29:5 inasema anayejipendekeza kwa mwenzake anamtandazia wavu miguuni, na mi nimeusoma huo mstari miaka yote nikidhani unawahusu wakubwa. Mwaka juzi ndugu mmoja akanisifia sana ninavyoanzisha pambio, ati malaika wanashuka, wiki hiyohiyo nikamsainia udhamini wa mkopo wake bila kusoma karatasi, na miezi minne nimelipa mimi.

Turudi uani. Mjane na mabinti wanapiga kelele, mbwa wanafukuza, ng'ombe na nguruwe mbio, mpaka nyuki wametoka mzingani. Jogoo akiwa mdomoni akasema, mzee, ningekuwa wewe ningewageukia niwaambie rudini, huyu namla. Mbweha naye anapenda sifa, akajibu haki ya Mungu nafanya hivyo, na kwa kujibu tu mdomo ukaachia, jogoo yuko juu ya mti!

Mwishoni jogoo anasema alaaniwe anayefumba macho wakati wa kuona, mbweha anasema alaaniwe anayeropoka wakati wa kunyamaza, na kwangu mbweha ndiye kahubiri vizuri zaidi maana kakosa chakula. Padri yeye anakumbushia Warumi 15:4, kwamba yaliyoandikwa yaliandikwa ili kutufundisha, anasema chukueni punje, makapi yaacheni.

Ila kabla ya hapo mbweha alijaribu tena, kasimama chini ya mti kwa upole, shuka ndugu nikueleze nilimaanisha nini. Jogoo akakataa.

Yule ndugu yangu naye kanitumia meseji Jumatatu, "Mtumishi, jana ulituinua sana." Sijamjibu bado.