Usiizime Taa

Jana jioni mwanangu alikuwa akipepeta mchele huku akikariri mstari wa kipaimara, 1 Yohana 4:18: "Katika pendo hamna hofu, lakini pendo lililo kamili huitupa nje hofu." Ungo ukasimama. "Mama, kwa hiyo Bibi wa Machame hakuogopa kufa?"

Nikajifanya nashughulika na sufuria.

Ilikuwa mwezi wa saba 2003, na baridi ya kule mnaijua. Hospitali walisharuhusu arudi nyumbani. Ndugu walisali, wakaenda kulala, zamu ya usiku ikawa yangu.

Bibi ndiye aliyekuwa akiitwa kila palipokuwa na mtu anayekata roho. Aliketi kando yake, akamwimbia, akamsomea Zaburi ya 23, mwisho akamfumba macho. Nilidhani yeye na kifo walishazoeana.

Saa nane usiku niliinuka kupunguza utambi wa chemli. Akanidaka mkono. "Usiizime." Nikasema napunguza tu, mafuta yataisha. "Usiizime, mjukuu wangu. Naogopa."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Vidole vyake vya baridi vilinibana mpaka pete yake ya ndoa ikaniuma. Nikatafuta mstari wa kumsomea, sikuupata hata mmoja. Basi nikapanda kitandani, nikaipakata miguu yake, nikawa naisugua kwa viganja kama alivyokuwa akinisugua mimi utotoni. Alitetemeka muda mrefu. Mara akauliza, "Nani atawapikia?" Baadaye pumzi ikatulia, lakini mkono hakuuachia. Taa ilikatika mafuta alfajiri, dirisha likiwa jeupe tayari.

Siku ya tatu akafariki. Nikapewa kusoma historia ya marehemu, nikalisomea kanisa zima kwamba aliondoka bila hofu yoyote. Watu wakaitikia Amina. Maneno yale yamenikaa kooni zaidi ya miaka 20. Nilidhani nailinda heshima yake. Lakini Bwana mwenyewe, kule Gethsemane, alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba rafiki zake wakeshe. Kwa nini nimwonee haya bibi yangu? Mstari wa Yohana bado sijaumaliza. Pengine hofu yake ndiyo ilikuwa upendo wenyewe, ule wa nani atawapikia. Pengine sivyo.

"Aliogopa," nikamwambia mwanangu.

Akafikiri kidogo. "Nani alikuwa naye?"

"Mimi."

Akauinua ungo, akaendelea kupepeta.