Yeye ananunua jiko, mimi nauza jiko

Watu wakisikia mume wangu yuko Leipzig, Ujerumani, na mimi najiandaa kumfuata wanauliza kitu kimoja tu, viza imetoka? Wanadhani viza ndo kazi. Karatasi zina utaratibu wake jamani, cheti cha kuzaliwa cha RITA kipo, cha ndoa kipo, Kijerumani cha A1, ile ngazi ya kwanza, nimekisotea mpaka nikafaulu, saa hizi naweza kujitambulisha na kuuliza bei ya viazi. Kinachonitoa jasho ni kuhamisha nyumba wakati mwenye nyumba mwenzangu yumo ndani ya simu.

Chukua hili la jiko. Ili nikamfuate ilibidi atoke kwenye chumba alichokuwa anashea na wenzake atafute nyumba ya kututosha wawili, akapata, akanipigia video kunionyesha. Naona sebule, naona bafu zuri, nikamwambia haya nipeleke jikoni, akasema si ndo hapa. Mabomba yametokeza ukutani, basi! Kumbe kule nyumba nyingi unapangishiwa bila jiko, sinki hamna, kabati hamna, unajinunulia na siku ukihama unang'oa unaondoka navyo au unamuuzia anayeingia. Kwa hiyo yeye anahangaika na sinki la mtumba huko na mimi huku Tabata napigia debe jiko la gesi na mtungi wake.

Na kila kitu anasema uza tu tutanunua huku. Rahisi kusema ukiwa mbali. Mteja amesimama mlangoni saa tisa mchana anataka bei ya mwisho, mwenzangu yuko kazini simu iko kwenye loka, akitoka shifti saa nne usiku huku kwetu saa sita, maana tangu Wajerumani wamerudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba tunapishana saa mbili, hapo nimeshalala na mteja ameshanunua kwingine. Tuligombania kitanda cha mninga wiki nzima kwa voisi noti, nikaona isiwe tabu, nikakipakia kwenye gari kikaenda kwa mama Morogoro.

Mama mkwe naye analeta zawadi za mwanaye, nyama ya kukausha na samli. Nikamwambia mama hivi haviingii, nyama na vitu vya maziwa wakivikuta uwanjani wanachukua. Dagaa wanapita. Embe halipiti bila cheti cha ukaguzi wa mimea ila nazi na ndizi zinapita, hapo hata mimi sina maelezo, na mama hajaamini mpaka leo, anahisi samli nimeigomea mimi.

Friji wifi ameshaliwahi. Limebaki sofa, mwenye usafiri wake aje tuongee, na bei namalizana naye mwenyewe hapohapo, hakuna kusubiri mtu atoke shifti.