Primula bafuni: kumbukumbu ya miezi kumi

Siku ya 1

Nimeletewa primula tatu: ya njano, ya zambarau, na moja nyekundu iliyokolea, rangi ya damu ya mzee. Zote ziko kwenye vikopo vya plastiki vya sentimita 9 hivi, maua yamefunguka na matumba mengine yamejificha katikati ya majani. Majani yenyewe yana mikunjo na vinyweleo. Ukiyapapasa ni kama ulimi wa ng'ombe. Kila anayeziona ananiambia maneno yaleyale: furahia maua, yakiisha tupa. Mradi wangu ndio huo basi. Sitaki kutupa. Nataka mmea uleule utoe maua mara ya pili, ndani ya nyumba, na nitaandika humu kila kinachotokea hata kikiwa cha aibu.

Kwa asiyezijua: primula ni jenasi kubwa yenye spishi zaidi ya 400, nyingi za milimani na za sehemu za baridi za nusu ya kaskazini ya dunia. Jina limetokana na neno la Kilatini primus, yaani wa kwanza, kwa sababu hutangulia kuchanua baridi inapoanza kulegea. Hizi zangu ni za ukoo wa Primula vulgaris na machotara yake. Ningeyatia akilini hayo maneno "milimani" na "baridi" siku hiyohiyo, nusu ya kumbukumbu hii isingekuwepo.

Nimezipanga mezani sebuleni, karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Zimependeza kweli.

Siku ya 9

Nyekundu imelala. Majani yamejimwaga pembeni ya kopo kama nguo iliyoanuliwa. Nikaona ni kiu, nikamwagilia. Jioni bado imelala, nikaongeza maji. Asubuhi ya leo nimemwagilia tena. Zile mbili nyingine zimesimama, ila maua yameanza kufifia kabla ya wakati wake.

Nimempigia Mama, ambaye mimea humtii bila yeye kujitahidi. Nikamweleza. Akaniuliza, "Umegusa udongo, mwanangu?" Sikuwa nimegusa. Nilikuwa natazama majani tu.

Siku ya 12

Nyekundu imekufa. Nimeitoa kwenye kopo ili nijue imekufa kwa nini, na naandika nilichokiona maana hakuna picha itakayofundisha vizuri kuliko mikono. Udongo ulitoka mzimamzima, mzito, ukinuka kama maji ya mtaro. Mizizi ya juu ilikuwa bado myeupe. Ya chini ilikuwa kahawia, na nilipoushika mmoja kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu, ganda lake lilivuka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba katikati. Nikajaribu wa pili, vilevile. Karibu mizizi yote ya chini ilikuwa soksi tupu.

Kwa hiyo mmea ulinyauka huku umezama majini. Nilichokuja kuelewa ni hiki: sebule ina joto, na kwenye joto majani ya primula hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta. Yanalegea hata kama udongo una unyevu wa kutosha. Mimi nikaona kulegea, nikaongeza maji, hewa ikaisha udongoni, mizizi ikaoza, majani yakalegea zaidi, nikaongeza maji. Joto ndilo lililoanzisha, birika langu likamaliza kazi.

Siku ya 13

Nimezunguka nyumba nzima na kipimajoto kama fundi wa majokofu. Sebuleni nyuzi 25, mchana wa jua 27. Jikoni hata sitaki kusema. Chumba cha kulala 21. Bafuni, kwenye dirisha dogo la upande wa mashariki, 16 asubuhi na 18 mchana.

Primula hujisikia vizuri kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Ikivuka 20 maua hayakai. Nyumbani kwangu hakuna mahali penye nyuzi 10, na sitanunua jokofu la maua. Njano na Zambarau zimehamia bafuni. Pana mwanga mwingi, jua la asubuhi tu lisilochoma, na mvuke wa watu kuoga unazisaidia. Mume wangu amelalamika kwamba sasa anaoga huku anatazamwa. Nimemwambia azoee.

Wiki ya 4

Umwagiliaji nimeubadilisha kabisa. Simwagi tena maji juu, kwa kuwa yakituama kwenye kitovu cha mmea, pale majani yote yanapokutana, panaoza. Naweka maji kwenye kisahani, naliweka kopo humo kwa dakika 20, kisha nayamwaga yaliyobaki. Kipimo changu ni uzito. Naliinua kopo kila asubuhi: likiwa zito naliacha, likianza kuwa jepesi nalinywesha. Mara mbili za kwanza nilikosea, siku hizi mkono unajua wenyewe. Jambo la kuangalia ni kwamba primula haivumilii udongo kukauka kabisa. Inataka unyevu wa daima, ila si tope.

Maua yaliyochoka nayakata na kikonyo chake mpaka chini, kwa kucha. Nilipoyaacha yadondoke yenyewe juu ya majani, wiki haikuisha nikaona manyoya ya ukungu wa kijivu. Niliondoa majani mawili yaliyoguswa, nikaitenganisha mimea ili hewa ipite. Haujarudi.

Njano ina maua kumi na moja. Bafuni! Zambarau ina tisa.

Wiki ya 6

Tatizo jipya. Majani machanga ya Njano yamekuwa ya manjano katikati, ila mishipa yake imebaki ya kijani, kama ramani ya mito. Hii haikuwa njaa ya kawaida. Nimetazama ndani ya birika la chai, nikaona tabaka jeupe la chokaa, nikajua. Primula hupenda udongo wenye uchachu kidogo, na maji ya chokaa yanapunguza uchachu huo siku hadi siku, mpaka mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo. Sasa nakinga maji ya mvua kwenye ndoo. Nimeongeza mbolea ya maji yenye chuma, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila baada ya wiki mbili. Majani yaliyokwisha kugeuka hayakurudi kijani. Mapya yalitoka yakiwa na rangi yake.

Mwezi wa 2

Hapa ndipo mradi ulipoanza kuninogea, na nitachukua nafasi.

Asubuhi moja nikipiga mswaki nilichungulia ndani ya ua la Njano. Katikati, kwenye tundu la ua, kulikuwa na kijiduara cha kijani kama kichwa cha pini. Nikachungulia Zambarau: hapana pini, badala yake kuna kifungu cha vijimfuko vya chavua vilivyobanana mdomoni mwa tundu. Nikadhani moja ina kasoro. Nikakagua maua yote. Njano, kila ua lina pini. Zambarau, hakuna hata moja.

Kumbe primula ziko za aina mbili. Kuna zenye kijiti kirefu cha kike na chavua imejificha chini, na kuna zenye kijiti kifupi na chavua iko juu. Mmea mmoja huwa wa aina moja tu, maua yake yote. Charles Darwin aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1862, baada ya kuzichavusha kwa mkono na kuhesabu mbegu. Aligundua kuwa chavua ya aina moja ikitiwa kwenye aina ya pili, mbegu huwa nyingi kuliko zikichavushwa mbili za aina ileile. Mpangilio wenyewe una akili: mdudu akiingiza mdomo kwenye ua la kijiti kifupi, chavua humganda juu ya mdomo, na akienda kwenye ua la kijiti kirefu, sehemu hiyohiyo ndiyo inayogusa pini. Kama kufuli na ufunguo.

Bafuni hakuna nyuki. Kuna mimi na brashi ya kupakia rangi, ile nyembamba ya namba sifuri. Nimechana ua moja la Zambarau kwa wembe, ubavuni, nikalifungua kama ganda la njegere. Chavua ni unga wa manjano hafifu. Nikauchota kwa ncha ya brashi, nikagusa pini za maua matano ya Njano, na kila ua nililolichavusha nikalifunga uzi mwekundu wa kushonea. Kwa Zambarau nilipata taabu maana pini yake iko ndani kabisa. Nilitumia kijiti cha kuchokolea meno na sina imani na kazi niliyoifanya.

Mwezi wa 3

Maua yamekwisha. Siku kama hizi ndipo mmea hutupwa, maana hauna cha kuonyesha. Ila chini ya zile nyuzi nyekundu, maua manne kati ya matano ya Njano yametunga vifuko vya mbegu, vimevimba ndani ya vikombe vyake vya kijani. Zambarau hamna kitu, kama nilivyotarajia.

Nimezihamishia kwenye vyungu vya udongo wa kufinyanga vya sentimita 12, kwa sababu vinapumua na maji yanayokauka ubavuni hupoza mizizi. Zambarau ilikuwa imejigawa yenyewe katika vitovu viwili, nikaviachanisha kwa vidole, kila kimoja na mizizi yake. Kitovu nimekiacha usawa wa udongo. Kukifukia ni kukialika kuoza, na somo hilo nimeshalilipia.

Wiki hiyohiyo dada alileta primula yake, Primula obconica, yenye maua makubwa kwenye mabua marefu. Alikuwa na vipele mikononi na alidhani ni sabuni. Spishi hiyo ina vinyweleo vyenye primini, kemikali inayowasha ngozi ya baadhi ya watu vibaya sana. Kuna aina mpya zilizozalishwa bila primini, lakini yake si mojawapo. Alikuwa akiyachambua majani yake kwa mikono mitupu kila siku, kwa upendo kabisa. Amenunua glavu. Mmea amerudi nao, kwangu haukulala.

Mwezi wa 4

Vifuko vimekauka na kupasuka juu. Mbegu ni vichembe vya kahawia iliyokoza, ukipumua kwa nguvu umezikosa. Nimehesabu 86. Nimepanda 40, nikazifukia vizuri, nikaliweka trei juu ya jokofu penye joto ziote upesi.

Miezi ya 5 hadi ya 7

Joto. Mimea imekaa tu. Zambarau mbili zilipoteza majani ya nje, Njano ikapata utitiri: vidoa vyeupe juu ya majani, utando mwembamba kwa chini. Nimeyaosha majani kwa maji baridi ya bomba la kuogea, upande wa chini, kila baada ya siku tatu kwa wiki tatu. Faida nyingine ya kuishi bafuni. Mbolea nimesimamisha.

Mbegu 40 juu ya jokofu: sifuri. Niliharibu mambo mawili kwa mpigo. Mbegu za primula zinahitaji mwanga ili ziote, mimi nimezifukia. Na zikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 20 hugoma, mimi nimezipikia. Zile 46 zilizobaki zimo ndani ya jokofu, kwenye bahasha ndani ya kopo lililofungwa, zinasubiri baridi. Nimeandika juu yake SI PILIPILI, maana naijua familia yangu.

Mwezi wa 8

Usiku umeanza kuwa wa baridi. Kipimajoto cha bafuni kimesoma 14 alfajiri. Nimepanda zile 46, safari hii juu ya udongo laini ulioloweshwa, bila kuzifunika, nikatandaza nailoni angavu juu ya trei na kuliweka dirishani nyuma ya pazia.

Siku ya 24 niliona nukta ya kijani. Nikadhani ni kuvu la kijani. Kesho yake zilikuwa nukta saba. Mpaka mwisho wa mwezi zilifika 29, kila moja na majani mawili madogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Mwezi wa 10

Njano imetoa majani mapya sita tangu baridi irudi, magumu, mafupi, ya kijani kizito. Zambarau moja imefuata, ya pili imegoma ila iko hai. Nimerudisha mbolea, safari hii yenye potasiamu nyingi na naitrojeni kidogo, isije ikanipa majani matupu.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, taa ya bafu ikiwa bado imewashwa, nimeyafunua majani ya Njano kwa kidole kama kila siku. Pale kitovuni kuna matumba matatu, yamebanana, yamefunikwa vinyweleo, makubwa kama punje za mtama. Moja limeshaonyesha mstari wa manjano kwenye ncha. Nimemwita mume wangu aje kuona. Amekuja na sabuni usoni.

Miche ya trei sasa ina majani manne manne na inahitaji vyungu 29. Dirisha la bafu linaenea vinane.