38.1

Jana usiku binti yangu alinitandazia karatasi ya grafu mezani kabla hata vyombo havijatolewa. "Baba, ona. Nukta zote sita zimekaa kwenye mstari!" Zilikuwa zimekaa kweli, kama shanga kwenye uzi. Nikaiinua karatasi kuelekea taa, nikatafuta alama za raba. Sikuziona. Akaniuliza natafuta nini, nikanyamaza.

Nilikuwa Kidato cha Tatu. Praktiko ya siku hiyo kila aliyesoma fizikia anaijua: gololi ya chuma yenye kishikizo, uzi uliobanwa kwenye kizibo kilichopasuliwa, stendi, rula na stopuwochi. Unaanza na uzi wa sentimita 50, unahesabu mibembeo 20 ya kwenda na kurudi, unaandika muda, unaongeza urefu mpaka ufike mita moja. Kisha unachora mraba wa T, yaani muda wa mbembeo mmoja, dhidi ya urefu, na mteremko wa mstari unakupa g, yaani nguvu ya mvutano wa dunia, ambayo kitabuni ni 9.8.

Sisi tulipata 10.8.

Tulirudia uzi wa mita moja mara tatu: sekunde 38.1, 38.0, 38.2. Namba zilikuwa zinakubaliana vizuri, na hilo ndilo lililotuchanganya. Mwenzangu wa meza akaninong'oneza: "Tupike." Nikachukua 9.8 ya kitabuni, nikapiga hesabu kinyumenyume, nikafuta 38.1 na kuandika 40.1. Nikafanya hivyo kwa kila urefu. Tulikuwa wa kwanza kukusanya.

Mwalimu aliipeleka karatasi yetu dirishani, akaiinamisha mpaka mwanga ukapita juu yake ubavuni. Penseli ikifutwa huacha mfereji. Akasoma kwa sauti, polepole: "Thelathini na nane nukta moja." Moyo ulinidunda. Nilijua fimbo inafuata.

Hakuchukua fimbo. Alirudi mezani kwetu, akaivuta gololi pembeni kidogo, akanikabidhi stopuwochi. "Hesabu."

Akaiachia. Nikabonyeza, nikasema, "Moja!"

Akaidaka gololi. Akaivuta tena, akaiachia. "Moja!" Akaidaka tena. Darasa zima lilikuwa limenyamaza. Mara ya tatu hakuiachia kabisa. Aliishika pale pale pembeni, uzi umekazwa, akanitazama. "Iko mkononi mwangu," akasema. "Imekwenda wapi hata uihesabie moja?"

Naiona mpaka leo ile gololi kwenye vidole vyake, na chaki kwenye kucha.

Nikaanza na sifuri. Ilipofika ishirini, saa ilisoma 40.2. Kumbe tangu asubuhi tulikuwa tunapima mibembeo 19 na kuiita 20. Ndiyo maana kurudia hakukutusaidia: tulirudia kosa lile lile kwa uangalifu ule ule. Kidole kinachochelewa kwenye kitufe ni kosa la aina nyingine, mara huzidisha, mara hupunguza, na ukigawanya kwa 20 karibu linakwisha. Letu lilivuta upande mmoja tu, na kwa kila urefu lilikata asilimia tano ya muda. Ukiipanga safu yote ya namba tulizofuta, unaiona hiyo asilimia tano waziwazi.

Hapo ndipo iliponiuma. Namba nilizopika zilikaribia ukweli kuliko nilizopima, lakini hazikujua chochote. Zilizofutwa ndizo zilizokuwa zinatuambia tulipokosea.

Kabla ya kengele mwalimu alitusimulia habari za Mfaransa Jean Richer. Mwaka 1672 alifika Cayenne, Amerika Kusini, karibu na Ikweta, na saa yake ya pendulumu, yaani inayoendeshwa na uzito unaobembea kama gololi yetu, iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Ilibidi afupishe pendulumu. Angeweza kuona aibu na kuilaumu saa, lakini aliandika alichokiona, na kutokana na tofauti hiyo watu wakaja kuelewa kwamba mvutano ni mdogo kidogo Ikweta, kwa sababu dunia inazunguka na imetuna katikati. Hata 9.8 niliyokuwa naiabudu, huku kwetu ni karibu na 9.78.

Mengine ya siku ile yamenitoka. Baadaye maishani nimekutana na ripoti nyingi ambazo namba zake zimenyooka mno, na kila mara mkono hunituma kuielekeza karatasi kwenye mwanga. Sijui kama ni haki kumfanyia hivyo mtoto ambaye pengine alipima vizuri tu. Huenda mkono wake umetulia kuliko wangu.

Mwishowe nilimsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mlipewa alama ngapi?"

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa. Nikamwambia naikumbuka 38.1. Akaondoka na grafu yake, na baada ya muda nikamsikia chumbani anafungua droo, anatafuta uzi.