Mstari wa katikati

Kazi yangu ya utafiti ilikuwa kuwatenganisha perege wa spishi mbili, Oreochromis niloticus na Oreochromis mossambicus, kwa vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili. Samaki hao wakikutana huzaliana, na chotara wao humhadaa hata aliyezoea kuwatazama.

Unasaga ini kwenye barafu, unachovya kipande cha karatasi ya kuchujia, unakipachika kwenye jeli ya wanga wa viazi, kisha unawasha umeme. Protini zenye chaji tofauti huachana njiani. Baadaye unapaka rangi inayochora mstari pale kimeng'enya kilipofika, na kuifungia jeli gizani, maana mwanga ukiipata inageuka buluu yote. (Niliwahi kuisahau dirishani.)

Siku hiyo kila samaki alitoa mstari mmoja, ama wa mbele ama wa nyuma. Namba 17 alitoa mitatu, na wa katikati ulikolea kuliko yote. Nikaandika daftarini: "Amechafuka." Nilijua kisu sikukifuta vizuri, kwa hiyo nimechanganya maini mawili.

Fundi wa maabara akasoma.

"Binti, ukichanganya maini mawili unapata mistari mingapi?"

"Mitatu, mzee."

"Haya, changanya tuone."

Kesho yake nikasaga pamoja, kwa makusudi, ini la samaki wa mstari wa mbele na la yule wa nyuma, nikaliweka jirani na namba 17. Jioni nilipofungua kabati, mchanganyiko wangu ulikuwa na mistari miwili tu. Namba 17, mitatu ileile.

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekariri kwa mtihani. Molekuli ya kimeng'enya kile ni vipande viwili vinavyounganishwa ndani ya seli. Seli yenye jeni za aina zote mbili huviunganisha bila kuchagua: mbele na mbele, nyuma na nyuma, na mbele na nyuma, ambayo ndiyo nusu ya vyote. Maini niliyoyasaga mimi vipande vyake vilikuwa vimeshashikana zamani. Kisu changu kisingeweza kuvifungisha ndoa upya. Mstari wa katikati aliutengeneza samaki mwenyewe akiwa hai.

Nikakata "amechafuka", nikaanza kuandika "chotara". Mzee akaushika mkono wangu.

"Kimeng'enya kimoja? Tofauti ya hivyo unaweza kuikuta hata ndani ya spishi moja."

Nikarudi kwenye friji. Ini la namba 17 lilikuwa limebaki kadiri ya ukucha.