Kutoka Mwembe Tayari hadi Mizani ya Mariakani

Nilipanda matatu ya Mariakani pale Mwembe Tayari nikaomba kiti cha mbele, kando ya dereva. Nilitaka kuitazama barabara ya mizigo kipande kwa kipande, kutoka bandarini hadi kwenye mizani ya kupimia uzito wa malori. Sera hutungwa Nairobi, lakini sisi watu wa Pwani huijua pale lori linapopungua barabarani au kibanda kinapofungwa.

Tulivuka daraja la Makupa, na kufika Changamwe nikashuka. Hapa ndipo penye yadi za kontena, gereji, maduka ya matairi, ofisi ndogo za mawakala wa forodha na vijana wa kibarua wanaongoja kuitwa kupakua. Nyuma ya ukuta wa yadi moja nilimkuta mama mmoja akikaanga mahamri. Iliki ilikuwa inanukia hadi barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, mbaazi bado ya moto."

Nilimuuliza biashara ilikuwaje miaka ile mizigo ya bandari ilipoondolewa kwenye malori ikapandishwa treni hadi Embakasi, Nairobi. Alikuwa akigeuza hamri moja moja kwa mwiko wa chuma, na hakuacha kugeuza alipokuwa akinijibu.

"Nilikuwa nikikanda beseni mbili usiku. Nikabaki na moja, nayo haiishi. Madereva waliondoka, utingo wakaondoka, na wale vijana wa klaring ofisi zao zikafungwa. Mtu aliyepelekwa Embakasi atakula mahamri ya Changamwe saa ngapi?"

Hesabu ya jambo hili ningependa kila mtu aielewe. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, ilijengwa kwa takriban shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Treni ya abiria ilianza 2017, ya mizigo Januari 2018. Ili mkopo ulipike, Mamlaka ya Bandari ilitia saini mkataba wa kuihakikishia reli kiasi fulani cha mzigo kila mwaka. Mzigo ukipungua, Bandari inalipa pengo. Juu ya hapo, tangu 2013 bidhaa nyingi ziingiazo nchini zimekuwa zikitozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani yake.

Mkataba wa namna hiyo unasukuma serikali kulazimisha, na ndivyo ilivyokuwa. Agosti 2019 likaja agizo kwamba mizigo ya Nairobi na bara yote ipande treni, ikatolewe forodhani kule Embakasi. Anayeleta magari au nguo hakuachiwa nafasi ya kulinganisha bei ya lori na ya treni. Mombasa ikaandamana kila Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema agizo lilivunja Katiba, na tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akatangaza kwamba utoaji wa mizigo unarudi Mombasa.

Reli yenyewe siichukii. Abiria anafika Nairobi mchana ule ule, na trela zikipungua barabarani roho za watu zinapona. Kinachoniuma ni kwamba waliopanga deni walihesabu kontena, riba na miaka, lakini yule mama na beseni lake hawakumhesabu. Agizo limeondolewa, ndiyo. Lakini fundi aliyekwisha kuuza vifaa vyake akarudi kwao, hawezi kurudishwa na tangazo.

Nikapanda matatu nyingine. Pale Miritini nilikiona kituo cha reli, kikubwa na safi, na abiria waliokwisha kushuka wakigombaniwa na matatu na bodaboda za kuelekea mjini. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na baadhi ya watu wamerudia mabasi.

Mazeras tuliipita bila kusimama. Mariakani ndipo nilipokaa zaidi, kwa sababu pale malori yanasimama kwa lazima: kuna mizani. Dereva akingoja zamu, utingo anashuka kununua mahindi ya kuchoma, mwingine anaulizia kirekebisha breki, mwingine anatafuta chumba cha kulala. Fedha ya bandari inabaki mahali gari linaposimama. Voi na Mtito Andei zilikua hivyo hivyo tangu enzi za reli ya zamani, iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Treni ya kontena siku hizi inakatiza huku kwa kishindo, na mwenye duka la kando ya reli haoni hata shilingi yake moja.

Ng'ambo ya pili ni upande wa Kinango, nchi kavu, ambako akina mama bado wanafuata maji mbali. Ukiuliza kwa nini sehemu moja ina lami na nyingine haina maji, rudi kwenye Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965. Ulisema fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, reli na barabara. Aliyekuwa nacho akaongezewa, na Kinango ikaambiwa ingoje. Katiba ya 2010 ilijaribu kunyoosha: kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na asilimia 0.5 iwe ya mfuko wa maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme. Ni haki, japo imechelewa karibu nusu karne.

Kurudi nilishika njia ya Dongo Kundu kutoka Miritini, juu ya daraja refu la Mteza, mikoko ikionekana chini pande zote mbili. Mbele yake ndiko linakopangwa eneo maalumu la kiuchumi, kwa msaada wa Japani. Natamani lifanikiwe. Lakini mkataba wa mkopo wa reli ulitiwa saini 2014 na kurasa zake tukaonyeshwa Novemba 2022, deni likiwa limekwisha kutufikia. Ya Dongo Kundu nataka isomwe mapema, hapa hapa Likoni, kwa Kiswahili, vijana wa Mtongwe wakiwa wamekaa mbele, waulize ajira ngapi ni zao na ni chuo gani cha ufundi kitakachowaandaa.