Simu ya ami na komiti iliyoitwa "leo"

Ami yangu ana duka la vifaa vya ujenzi upande wa Mwembe Tayari, Mombasa. Tangu nikiwa mdogo nimemwona akiandika madeni katika daftari kubwa la jalada gumu, kila ukurasa na namba yake. Sheria yake ni moja: hakuna kufuta, hakuna kuchana ukurasa. Akikosea hupiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, ili bado lisomeke, kisha huandika sahihi chini yake na pembeni huweka sababu kwa maneno mawili matatu. "Karudisha mifuko miwili." "Bei ya jana." Mteja akija na ubishi baada ya miezi sita, ami hapandishi sauti. Hufungua ukurasa akamwonyesha.

Programu inayotoa risiti pale dukani niliiandika mimi mwaka 2018, kwa lugha ya Python, na tangu siku ya kwanza niliiweka ndani ya Git, programu inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la faili zako. Ila sikuitumia Git kama ami anavyolitumia daftari lake. Niliitumia kama sanduku la kutupia vitu. Kila usiku, kabla ya kufunga laptopu, niliandika kwenye terminali:

git add .
git commit -m "leo"

Ya kwanza hukusanya mabadiliko yote; ya pili huyahifadhi, ndiyo kukomiti, pamoja na ujumbe wake, hapo "leo". Usiku mwingine "leo", mwingine "leo jioni", ukifuata "leo tena". Kazi ya siku nzima, mambo matano yasiyohusiana, nayafunga katika furushi moja na kulipa jina lisilosema kitu. Nilijiambia kwamba muhimu ni kazi isipotee, na kweli haikupotea. Git huhifadhi hali ya folda nzima kila unapokomiti, na kila komiti hupewa namba yake ya herufi na tarakimu 40, ambayo hutokana na yaliyomo pamoja na namba ya komiti iliyotangulia. Ukiigusa ya zamani, namba za zote zilizofuata hubadilika. Zile kurasa zenye namba za ami, hapa zimeunganishwa kwa mnyororo.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe.

Tarehe 25 Machi 2020 ilitangazwa kwamba VAT, kodi ya ongezeko la thamani, itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, kuanzia tarehe mosi Aprili. Ndizo siku kafyu ya korona ilipoanza; saa moja jioni kila mtu awe ndani. Ami alinipigia tarehe 31: "Mwanangu, kesho duka likifunguliwa, risiti ziwe na kumi na nne." Nilikuwa Kisauni, naye kwake, na nilikuwa katikati ya kazi nyingine kabisa: kutengeneza ukurasa wa madeni, ili lile daftari liingie kwenye kompyuta. Kiwango cha VAT nilikuwa nimekiandika mahali pengi, hapa 16, pale 0.16, kwingine 1.16. Sikutaka kupitia faili moja moja. Nikaandika:

sed -i 's/16/14/g' *.py

Amri hiyo hupita kwenye kila faili ya Python iliyo katika folda, na kila inapokuta 16 huweka 14. Nikatoa risiti ya majaribio, nikaona asilimia 14, nikafurahi. Nikakomiti pamoja na ule ukurasa wa madeni ambao haujaisha. Ujumbe: "leo".

Baada ya siku mbili fundi mmoja wa Changamwe alirudi dukani na risiti mkononi. Alikuwa amenunua nondo za milimita 16 za nguzo, na risiti inasema nondo mm 14. Mwenye nyumba alikuwa amemshika: umeninunulia nyembamba, pesa nyingine umekula. Ami aliniambia kwenye simu, kwa upole uleule, "Nondo ya kumi na nne mimi sina. Umeitoa wapi?" Nikaelewa papo hapo nilichofanya. Nikafungua faili ya bidhaa, nikarudisha 16 kwenye nondo, na ami akamwandikia yule fundi risiti kwa mkono, akapiga na muhuri wa duka. Nikadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mwezi wa saba, mteja wa zamani alikuja akilalamika kwamba kila akipiga simu ya dukani inapokelewa na mama mmoja anayesema hauzi simiti. Ami akatazama risiti. Namba ya simu pale juu, chini ya jina la duka, ilikuwa na 16 katikati. Sasa ilikuwa na 14. Tangu Aprili, kila aliyenunua msumari au rangi alikuwa ameondoka na namba ya mtu mwingine mfukoni.

Niliipiga namba ile mwenyewe. Ilipokea sauti ya mtu mzima. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Kabla sijafika kwenye shida yangu, akasema, "Mwanangu, mimi sina simiti." Alikuwa ameshazoea. Watu walimpigia alfajiri, walimpigia wakati wa swala, mmoja alimtukana akidhani anafichwa bei. Nilimweleza kosa ni langu, la mkono wangu, nikamwomba radhi. Akanisamehe, akaniuliza kama watu wataacha kupiga. Nikamwambia risiti zitabadilika leo, lakini zilizo mikononi mwa watu siwezi kuzirudisha. Jibu hilo lilinikaa. Mpaka leo nikiandika ujumbe wa komiti namkumbuka yule mama.

Usiku ule nilikaa kutafuta kila kitu nilichokiharibu. Amri iliyonisaidia ni hii:

git log -S'16' -- risiti.py

Alama ya -S huiambia Git: nionyeshe komiti zilizoongeza au kupunguza idadi ya mahali maandishi haya yanapotokea. Zikaja mbili tu, ile ya kwanza kabisa ya 2018 na ya tarehe 31 Machi. Nikafungua ya pili kwa git show, na mistari ikaanza kushuka, myekundu ya kilichoondoka, ya kijani ya kilichoingia. Namba ya simu, ile pale. Chini kidogo, mahali nilipokata majina marefu ya bidhaa yatoshee kwenye karatasi ya risiti, herufi 16 zimekuwa 14. Kumbe ndiyo sababu kwa miezi mitatu majina yalikuwa yakikatika vibaya na hakuna aliyesema. Yote yalikuwepo wazi tangu usiku wa kwanza. Ningeandika git diff, inayoonyesha kilichobadilika, kabla ya kukomiti, nikasoma kwa dakika mbili, ningeyaona.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Git ina amri ya git revert, ambayo hutengeneza komiti mpya inayotangua mabadiliko ya komiti fulani bila kufuta historia; ni ule mstari mwembamba wa ami na sahihi chini yake. Ilinifaa kabisa, na sikuweza kuitumia. Komiti yangu ya "leo" ilibeba VAT iliyo sahihi, namba ya simu iliyo kosa, na nusu ya ukurasa wa madeni ambao kwa miezi mitatu nilikuwa nimeujengea juu yake. Kuutangua mzigo wote kungerudisha VAT ya 16 na kuvunja madeni. Nikarekebisha kwa mkono, mstari baada ya mstari, mpaka karibu na adhana ya alfajiri.

Tangu hapo nakomiti jambo moja moja, na nimeacha kabisa git add yenye nukta. Natumia git add -p. Kwa asiyeijua: Git inakuletea kila kipande cha mabadiliko kimoja kimoja na kukuuliza kama ukichukue. Unajibu y ukikitaka, n ukikiacha, s kama kipande ni kikubwa unataka kigawanywe. Kwangu faida yake kubwa ni kwamba inanilazimisha kusoma nilichoandika. Jicho linapita kwenye kila mstari kabla haujaingia daftarini. Mara nyingi naanza kazi moja, njiani narekebisha tahajia, nabadilisha jina la kigezo, naondoa mstari wa majaribio. Mwisho wa siku -p hunisaidia kuvitenganisha, komiti tatu au nne ndogo badala ya furushi. Kisha natazama git diff --staged, yaani vipande nilivyovichukua, mara ya mwisho, ndipo naandika ujumbe.

Ujumbe wenyewe siuandiki tena kwa -m. Naandika git commit peke yake, kihariri kinafunguka, napata nafasi ya kufikiri. Mstari wa kwanza mfupi, herufi hamsini hivi, unaosema nini kimebadilika. Mstari mtupu. Halafu sababu. Kilichobadilika kinaonekana kwenye msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, mtu yeyote anaweza kukisoma. Kwa nini kilibadilika, hakuna mahali pengine kitakapopatikana ila hapo. Tena naandika kwa Kiswahili. Msimbo ni wa duka la Mombasa, atakayeurithi ni mtoto wa ami, na sioni kwa nini sababu za nondo na simiti ziandikwe kwa lugha ya watu ambao hawatazisoma kamwe.

VAT ilipopangiwa kurudi asilimia 16 kuanzia tarehe mosi Januari 2021, nilikuwa tayari. Kiwango kilikuwa kimekusanywa mahali pamoja. Na niligundua jambo ambalo Machi sikulifikiria hata kidogo: mteja akija Januari kuomba nakala ya risiti ya Novemba, lazima itoke na 14, kwa sababu ndicho alichotozwa. Kwa hiyo kiwango hakibadilishwi, kinaongezwa chini ya kingine pamoja na tarehe yake. Komiti ile naikumbuka neno kwa neno:

VAT 16% kuanzia 1 Januari 2021

Risiti za 1 Aprili hadi 31 Desemba 2020 zibaki 14%, hata zikichapishwa upya. Usiondoe mstari wa 14: ni wa nakala za zamani.

Mstari mmoja ulioongezwa, hakuna ulioondolewa. Nililala saa nne.

Neno kuhusu intaneti, maana naulizwa sana. Ofisi niliyoanzia kazi, huko Nyali, walitumia Subversion, programu nyingine ya kutunza historia ya msimbo, na kwa Subversion kukomiti ni mpaka uifikie seva, ile kompyuta kuu. Mtandao ukikatika, unakaa na kazi mkononi. Git, ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, huweka historia yote kwenye mashine yako. Stima ikipotea Kisauni, nafanya kazi na betri ya laptopu, nakomiti, natafuta historia ya 2018, bila bando hata shilingi moja.

Kompyuta ya dukani haina intaneti kabisa, ami hataki, na mimi sibishani naye. Kazi naipeleka kwa flashi. Nikichomeka flashi nyumbani naandika:

git bundle create /media/flashi/duka.bundle --all

Historia nzima inakuwa faili moja. Jumamosi napanda matatu mpaka mjini, ami ananiagizia kahawa tungu, nachomeka flashi kwenye ile kompyuta ya kaunta yenye vumbi la simiti kwenye kibodi, na kwenye folda ya programu naandika git pull /media/flashi/duka.bundle master. Basi. Iwapo kitu kimeharibika dukani, toleo la Jumamosi iliyopita liko palepale, narudi kwalo mteja hajamaliza kuhesabu pesa. Na nakala ni tatu: laptopu, flashi, duka.

Rafiki mmoja alinishauri nitumie rebase, amri ya Git ya kuandika historia upya, niyabadilishe majina ya zile komiti za "leo", nizipe maneno ya maana sasa kwa kuwa najua. Inawezekana. Lakini namba zote zingebadilika, na historia iliyo dukani isingelingana tena na ya kwangu. Halafu pia sitaki. Ningekuwa nabuni sababu za siku ambazo sizikumbuki.

Kwa hiyo zimo. Ukiandika git log ukashuka mpaka chini utazikuta, leo, leo jioni, leo tena, mamia yake, tangu 2018 mpaka ile ya tarehe 31 Machi 2020. Na juu yake, ya Julai: "Namba ya simu ya duka irudi ilivyokuwa. Iliharibika tarehe 31 Machi nilipobadilisha VAT bila kusoma mabadiliko. Simu za wateja zilikuwa zikimfikia mama asiyehusika; nimempigia nikamwomba radhi."